Anayeshinda na Mama

Siku ya tatu tangu aanze vidonge, Mama Feliksi alilala hadi saa nne asubuhi, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Kwa miezi mitano hapakuwa na mtu aliyelala akashiba usingizi. Bibi huyo, aliyeanika na kuuza dagaa ufukweni Kibirizi kwa zaidi ya miaka arobaini, alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anajifunga kanga kiunoni na kutoka kwenda kugeuza dagaa wake mvua isije ikawakuta. Dagaa hawakuwapo. Palikuwa na barabara ya Mwandiga, malori na pikipiki, na pikipiki moja ilimkosa kwa upana wa kiganja. Ndipo mwanawe wa kwanza, Feliksi, karani wa bandarini, alipompeleka kwenye zahanati moja ya kulipia mjini. Alirudi naye na bahasha ya vidonge vidogo vyeupe vya kumtuliza, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Akatulia kweli. Hakutoka, hakupiga kelele, hakumwaga chai. Majirani wa Mwandiga walipita kumpongeza Marcelina, binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza pamoja na mumewe Bonifasi. Marcelina naye alipokea pongezi hizo kwa furaha, maana zilikuwa za kwanza tangu mama yake aanze kupotewa na akili.

Lakini Marcelina hakuwa akishinda nyumbani, na binti yake Diana alikuwa shule ya bweni. Alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kibirizi kununua dagaa na kuwauza, akarudi jua likizama. Bonifasi alikuwa fundi seremala, na banda lake la kazi lilikuwa ubavuni mwa nyumba, hatua kumi tu kutoka mlango wa chumba cha bibi. Kwa hiyo aliyeshinda na mgonjwa alikuwa mkwe. Watu walilijua jambo hilo na hawakulisema, kwa kuwa halikuwa na namna nzuri ya kusemwa. Katika mila waliyokulia, mwanamume hampi mama mkwe wake mkono, haketi naye mkeka mmoja, na akikutana naye njiani anampisha. Bonifasi alikuwa amemheshimu hivyo mama huyu kwa miaka kumi na saba. Hata bibi alipohamia kwao, walipanga kwamba Frida, mjane wa nyumba ya pili, awe anakuja mchana kumwogesha, naye atapata dagaa wa kitoweo.

Wiki ya pili Bonifasi alianza kuona mambo. Bibi alikuwa akiburuta miguu kana kwamba kandambili zimemzidi. Uso wake ulikuwa umegoma: haukucheka, haukukunjamana. Zamani, kila asubuhi alipomwona Bonifasi na msumeno, alimwita mwizi wa mbao na kumuuliza nani kamruhusu kupiga kelele kwenye uwanja wa watu. Sasa alimtazama kama picha iliyotundikwa ukutani inavyomtazama mtu. Mate yalimchuruzika kidevuni asiyafute. Ugali ulimpalia, kisha uji nao ukaanza kumpalia.

Alimweleza mkewe. Marcelina alikuwa amekaa kwenye ngazi anajikanda visigino, akasema ni uzee, na kwamba afadhali mama anayeburuta miguu ndani kuliko mama anayekimbia barabarani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Feliksi alikuja Jumapili baada ya misa, na kilo mbili za sukari. Aliketi mbele ya mama yake, akampa shikamoo. Bibi alichukua muda mrefu. Midomo ikacheza, neno halikutoka. Feliksi akaridhika hata hivyo. Alimpiga picha na kuituma kwa ndugu, akaandika kwamba mama anaendelea vizuri.

Feliksi hakuwa mtoto mbaya. Mwaka uliotangulia mama yake alimfuata mpaka ofisini bandarini, akamwita kwa jina la utotoni mbele ya wakubwa wake na kuvunja fimbo ya kumchapia, huku kanga imemdondoka miguuni. Wafanyakazi wenzake waligeuza nyuso. Tangu siku hiyo Feliksi hakupita mlango ule bila kukumbuka. Ukimya wa mama yake ulikuwa heshima yake iliyorudi, na hakutaka mtu aiguse.

"Shemeji," Bonifasi alimwambia walipobaki wawili uani, "mama hajatulia. Amefungwa."

"Amefungwa na nani?"

"Na hivyo vidonge. Mtu aliyetulia yupo, anakuona. Mama hayupo."

Feliksi alitazama vumbi la mbao lililokuwa kwenye nywele za shemeji yake. "Umesomea wapi udaktari?" aliuliza, bila kupandisha sauti. "Wewe ni mkwe. Mama ana watoto wake."

Bonifasi akasema sawa, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki.

Baada ya Jumapili hiyo mikono ya bibi ilianza kutetemeka. Kikombe hakikumfika mdomoni. Marcelina alimpigia kaka yake simu, na kaka akamwambia apite duka la dawa. Muuzaji alimsikiliza kwa muda uleule aliotumia kufungua kabati, akampa vidonge vingine, vya kuzuia mtetemo. Mtetemo ukapungua kidogo. Lakini hazikupita siku mbili, bibi akaanza kuona watoto wamekaa juu ya mbao za paa. Aliwanyooshea mkono washuke wasije wakaanguka. Kinywa chake kilikauka mpaka ulimi ukawa unanata, na choo kikawa hakipatikani.

Feliksi aliposikia habari za watoto wa darini, aliona kwamba ugonjwa unakimbia kuliko dawa. Akaagiza kidonge cheupe kiongezwe kimoja cha mchana. Mchana hapakuwa na mtu mwingine wa familia nyumbani, kwa hiyo kidonge hicho kikawa cha mkono wa Bonifasi.

Siku moja Frida alikwenda kuzika Ujiji. Bonifasi alikuwa akipiga randa mlango aliposikia kishindo ndani. Alimkuta bibi amelala kati ya kitanda na ukuta, gauni limelowa, macho wazi, halii wala hasemi. Alisimama mlangoni. Kisha akatoka na kuita wanawake wa nyumba ya kwanza na ya tatu, hakuitika mtu. Wote walikuwa mashambani au sokoni. Akarudi mlangoni.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ni mimi, Bonifasi. Naingia."

Alimwinua. Hakuwa mzito, ila viungo vyake vilikuwa vimekaza, mkono mmoja ulikunjika kifuani na haukukubali kunyooka. Alimlaza, akachemsha maji, akamfunika kanga na kumwogesha chini ya kanga hiyo huku yeye anatazama dirisha. Kila alichotaka kufanya alikitaja kwanza: sasa nashika mguu, sasa namwaga maji, sasa nakugeuza. Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho kuliko siku ya kupasua magogo. Bibi alikuwa amefumba macho, na Bonifasi hakujua kama ni kwa aibu au kwa kupata nafuu. Alimwomba msamaha mara ya pili, kisha akaenda kuanika gauni.

Kuanzia hapo hakungoja tena Frida. Bibi akijilowesha saa tatu asubuhi, hangemwacha alale kwenye unyevu hadi saa saba kwa sababu ya mila. Frida aliporudi kutoka Ujiji akamkuta mgonjwa msafi na ana mafuta mwilini, alielewa. Siku ya kwanza hakusema neno, wala ya pili. Siku ya tatu mtaa wote ulijua.

Kijiweni, wanaume waliokuwa wakinywa kahawa walimuuliza Bonifasi kama amebadilisha kazi. Mmoja alimuuliza kama siku hizi ndiye aliyeolewa. Mteja aliyekuwa ameagiza kitanda cha harusi ya binti yake alikuja kuchukua mbao zake. Alisema, bila kumtazama machoni, kwamba mkono unaomvua nguo mama mkwe hauchongi kitanda cha bibi harusi. Bonifasi alimsaidia kupakia mbao kwenye mkokoteni, na ubao mmoja ulipotaka kuanguka akaufunga vizuri kwa kamba yake mwenyewe. Nyumbani hakulizungumza. Marcelina alilisikia Kibirizi, kutoka kwa wanawake wanaopima dagaa kwa madebe, na akaamua naye kutolizungumza.

Ni katika kumwogesha na kumlisha ndipo Bonifasi alipopata uhakika. Alijua saa ambayo bibi alikakamaa zaidi, na ilikuwa baada ya kidonge. Alijua kwamba asubuhi kabla ya kidonge, kwa muda mfupi, macho yake yalifuata kuku uani. Mchana mmoja hakumpa. Jioni hiyo bibi alikunywa uji bila kupaliwa. Kesho yake hakumpa tena. Alifunga kila kidonge kwenye kipande cha gazeti na kukitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi, na kila alipofanya hivyo alitazama nyuma kama mwizi.

Marcelina aliliokota koti hilo kulifua, na vidonge vinne vikaanguka.

"Unampunguzia mama yangu dawa?" aliuliza.

Bonifasi alimweleza alichokiona, uji na macho na kuku. Marcelina alisikiliza, na moyoni nusu yake iliamini. Lakini alijua kwamba likitokea lolote, kaka yake na ukoo wote hawatamuuliza Bonifasi. Watamuuliza yeye, alimwachiaje mwanamume asiye wa damu yao aamue uhai wa mama yao. Alimwambia hivyo, akilia kwa hasira na uchovu. Bonifasi akasema atampa kama ilivyoagizwa. Na alimpa.

Siku tatu baadaye bibi alianza kuguna. Hakuwa amekojoa tangu asubuhi ya jana yake. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na gumu, na Bonifasi alipoligusa juu ya kanga, bibi alitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia kwake. Hakungoja ruhusa ya mtu. Alimpigia Marcelina, akampigia Feliksi, akaita bajaji. Kisha akamwaga misumari iliyokuwa kwenye kopo lake na kutia humo dawa zote zilizokuwa nyumbani: vyeupe, vya mtetemo, na vile vinne vya koti.

Pale hospitali, nesi wa mapokezi alimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa. Alisema mkwe. Nesi alimwambia akae nje kwenye benchi, wangoje watoto wa mgonjwa. Alikaa, kopo mapajani. Feliksi alifika na shati la kazini, akampita bila salamu, akaingia. Marcelina alifika ananuka dagaa, akaingia pia.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana aitwaye Shadia, mwenye sauti ya chini na maswali mengi. Aliuliza mgonjwa amekojoa lini. Feliksi akasema jana, kisha akasema labda juzi. Aliuliza alipata choo lini. Aliuliza anatumia dawa zipi, na ameanza lini kukaza viungo hivi. Feliksi akaanza kueleza jinsi walivyohangaika naye, na bandarini, na barabarani. Daktari alimngoja amalize, akarudia maswali yaleyale. Marcelina akasema yeye huondoka alfajiri.

"Mchana anashinda na nani?" Shadia aliuliza.

Wote wawili walitazama pazia. Nyuma ya pazia walikuwapo wagonjwa wengine wawili na waliowaleta, na pazia halizuii maneno. Jina la Frida lilikuwa jepesi. Lingetosha kusema kuna jirani mmoja, mama mtu mzima. Feliksi alimtazama dada yake kwa macho ya kumwomba alitaje. Marcelina alilifikiria jina hilo. Kisha akamtazama mama yake pale kitandani, mkono umekunjika kifuani, nywele zimechanwa vizuri, kucha zimekatwa. Hakuzikata yeye. Alitoka hadi kwenye benchi.

"Baba Diana, ingia," alisema. "Sema yote."

Bonifasi akaingia, akavua kofia.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Nashinda naye. Namlisha, nampeleka chooni, namwogesha."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Feliksi aliinamisha kichwa. Bonifasi aliendelea, polepole, bila kuruka kitu. Mkojo wa mwisho ulikuwa jana kabla ya chai, kidogo, mweusi kama majani ya chai yenyewe. Choo, siku ya tano leo. Miguu ilianza kuburuta siku ya kumi ya vidonge vyeupe. Mate, siku ya kumi na mbili. Mtetemo, wiki ya tatu. Watoto wa darini walikuja siku mbili baada ya vidonge vya duka la dawa, wala hawakuwahi kuja kabla. Alisema bibi humeza vizuri akikalishwa wima na kidevu kikiinama kidogo. Alisema ana kidonda kinachoanza kwenye nyonga ya kushoto, anamgeuza kila mara lakini hakijapona. Mwisho akasema kuna vidonge vinne hakumpa, kwa uamuzi wake mwenyewe. Hilo alilisema akimtazama Feliksi.

Shadia alimwaga kopo mezani, akatenga dawa kwa kidole. Kwanza akaagiza mgonjwa awekewe mpira wa mkojo. Mkojo ukaanza kutoka. Mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukaanza kujaa tena. Bibi alivuta pumzi ndefu, na mikunjo ya paji la uso wake, iliyokuwa imekaza tangu asubuhi, ikalegea. Marcelina alishika reli ya kitanda.

"Hiki cheupe ndicho kilichomkaza viungo na kumtetemesha," daktari alisema. "Hiki cha pili kikaja kutibu mtetemo. Kikamkausha kinywa, kikamfunga choo na mkojo, kikamwonyesha watoto wasiokuwapo. Halafu kwa sababu ya hao watoto mkaongeza cheupe. Mmekuwa mnatibu dawa kwa dawa."

Feliksi aliuliza kwa nini hawakuambiwa. Shadia akasema hajui, ila dawa hizi kwa wazee zinataka mtu wa kumwangalia mgonjwa kila siku na kurudi kusema, na wanaorudi kusema ni wachache. Alimwambia Bonifasi kwamba alikosea kuficha vidonge. Dawa ya namna hii haiongezwi wala haipunguzwi nyumbani bila kuuliza, ingeweza kuleta hatari. Bonifasi akakubali kosa.

"Lakini ulichokiona, umekiona sawasawa," daktari aliongeza. Kisha akavuta kiti ili aeleze jinsi ya kupunguza. Feliksi akasogea karibu na meza. "Na wewe ukae, baba," Shadia alimwambia kwa adabu, "ila nitamweleza yeye."

Bibi alilazwa siku sita. Dawa ya pili ilisimamishwa chini ya uangalizi, cheupe kikapunguzwa hatua kwa hatua, na mpira ukatolewa alipoanza kukojoa mwenyewe. Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa wa kusahau wenyewe hautaondoka, na kwamba kutangatanga kutarudi. Hakuna kidonge cha kumfanya mtu akumbuke kuwa ameacha kazi ya dagaa.

Kurudi kwake hakukuwa kwa siku moja. Kwanza shingo ilianza kugeuka. Baadaye miguu ikanyanyuka. Wiki ya tano, alfajiri, Bonifasi akifungua banda na Marcelina akiwa mlangoni na beseni lake, mama yake alitoka uani, akasimama mbele ya banda na kumuuliza Bonifasi, mwizi wa mbao, nani kamruhusu kupiga kelele kwenye uwanja wa watu. Marcelina aliweka beseni chini, akakaa juu ya beseni lenyewe, akalia. Siku hiyo alichelewa Kibirizi, akakuta dagaa wazuri wamekwisha nunuliwa.

Na usingizi wa kushiba ukaondoka tena. Bonifasi alitengeneza geti la mbao lenye komeo upande wa nje, na kila siku saa nne alifunga banda akatoka na bibi, hadi sokoni Mwandiga na kurudi. Bibi alitangulia, kanga kiunoni, akisalimia wapita njia kwa Kiha, "Mwakeye," na Bonifasi alifuata hatua kadhaa nyuma, kama mkwe anavyopaswa. Kazi zilipungua. Milango iliyokuwa ikimchukua siku tatu sasa ilimchukua wiki. Kijiweni waliendelea kusema kwa muda, kisha mmoja wao akamfuata bandani, peke yake, kumuuliza kuhusu baba yake aliyeanza kukaza viungo baada ya dawa fulani. Bonifasi alimsikiliza, akamwambia akusanye dawa zote alizonazo ampeleke hospitali, na awe na majibu kuhusu choo na mkojo, kwa maana ataulizwa.

Jumamosi moja Feliksi alikuja tena, safari hii bila sukari. Alikaa uani muda mrefu, akazungumza habari za meli na bei ya mafuta. Mwishowe akasema anataka mama akae kwake Mwanga, mjini, kila mwisho wa wiki, ili shemeji apate kufanya kazi zake. Akasema hajui pa kuanzia.

Bonifasi alichemsha maji. Aliweka ndoo na kigoda kwenye bafu la mabati, akamwingiza bibi, akamwacha Feliksi naye humo, yeye akasimama nje ameegemea ukuta, kisogo kwenye mlango. Akasikia maji yakimwagwa kwa wingi, na bibi akapiga kelele kwamba anauawa. Kikombe kikaanguka sakafuni.

"Amekataa," Feliksi alisema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Usianze na kichwa. Anza na miguu. Na mwambie kwanza, ndipo umguse."

Kuku alipita, Bonifasi akamfukuza kwa mguu.

"Mama," Feliksi alisema, "ni mimi, Feliksi. Nashika mguu wako wa kulia. Naumwagia maji."

"Feliksi yupi?"

"Wako, mama."

Bibi alifikiri. "Basi usugue vizuri hapo kisiginoni," alisema. "Nimesimama siku nzima."

Maji yakaanza kumwagika polepole, kikombe kimoja kimoja. Baada ya muda Feliksi aliuliza kama shemeji bado yupo, kwa kuwa hajui jinsi ya kumgeuza. Bonifasi akasema yupo, akaanza kumweleza.